Taarifa ya Kutoona

Saa nane na dakika kumi na saba usiku simu ilitetemeka
juu ya daftari za wanafunzi ambazo sijasahihisha.
Setilaiti imeshtuka, ilisema. Mlipuko wa miali ya gama,
sehemu saba za kumi za sekunde, basi.
Muda wa kupiga chafya.
Muda wa kuanza kusema "Cirhu—"
na kulimeza jina la mdogo wangu.

Kadutu yote ilikuwa giza. SNEL walikata tangu magharibi
na kwa mara ya kwanza wiki hii sikuwalaani:
giza lao ndilo mtaji wetu.
Zihindula alikwishapanda kwenye paa la zege la shule,
begani betri ya teksi ya Baba Nabintu,
betri ya kuazima, ya kurudishwa kabla ya saa kumi na moja,
gari liwahi abiria wa Nyawera.

"Duara lao ni pana," alisema, akikaza nati kwa meno ya koleo.
"Ni kama wamekuambia sindano imeanguka Panzi,
mahali fulani kati ya kanisa na mto. Kimbia,
nayo inayeyuka."
Kweli inayeyuka. Mlipuko wenyewe hukata roho papo hapo;
kinachobaki nyuma ni mng'ao, kama joto la mafiga
sufuria ikishaepuliwa.
Anayechelewa hugusa jiwe baridi.

Mota ililia, kioo kikageukia kusini.
Wingu moja likapanda kutoka ziwani likakaa pale pale,
kama mgeni asiyejua kuaga.
Dakika kumi na moja tulilingoja. Sikutukana. Kidogo tu.
Halafu picha: sekunde thelathini, thelathini, thelathini,
mpaka zikafika arobaini. Nikazipanga moja juu ya nyingine
kama vitenge sandukuni,
nikatafuta nukta moja ambayo ramani ya zamani haina.

Wanasema milipuko mifupi namna hii
ni nyota mbili zilizokwisha kufa, nzito kupita hesabu,
zilizozungukana hadi zikagongana,
na kwamba katika kugongana huko dhahabu huzaliwa.
Dhahabu! Nilicheka peke yangu gizani.
Ndiyo hiyo Cirhuza aliyoifuata Kamituga mwezi wa tatu
na tochi ya kichwani na sururu ya mtu,
akiapa kurudi na bati za nyumba ya mama.
Yeye chini, mimi juu,
tunapekua vumbi la ajali zilezile.
Tangu mvua ya Jumanne, iliyoshusha mashimo mawili,
namba yake husema: mteja hapatikani.

Saa kumi na robo niliandika taarifa.
Bukavu. Kioo cha sentimita thelathini. Wingu mwanzoni.
Hatukuona kitu kipya hadi kipimo cha kumi na saba na nusu.
(Kwa nyota, namba ikikua nuru hupungua.)
Zihindula akauliza kama kweli tunatuma aibu hii.
Nikamwambia: soma tena. Haisemi hakuna.
Inasema, kama kipo, ni hafifu kuliko uwezo wetu,
na wenye vioo vikubwa waanzie hapo.

Adhuhuri wakaandika kutoka Chile:
kipo, ukingoni mwa duara, kipimo cha ishirini na mbili,
"hakipingani na kikomo cha Bukavu."
Zihindula aliibeba sentensi hiyo hadi kwa muuza mandazi,
akarudi na mandazi mawili ya bure.

Mama aliuliza, usiku mliona nini?
Nikasema, bado.
Hakuuliza ni juu au chini.

Nilipiga tena. Mteja hapatikani.
Nikaandika pembeni ya namba, kwa mkono wa kazi:
saa saba na dakika nne, hakusikika, mbingu safi.
Nikaacha mstari mtupu chini yake.